Mgeni Aliyeondoka Kabla ya "Ila"

Kastuli Mgaya alifika kwenye ukumbi wa ushirika kabla milango haijafunguliwa, akasimama barazani na baridi yote ya Makambako ikimpiga mgongoni, kofia kaishika mkononi kama mtu aliyeshika jiwe na bado hajaamua pa kulirushia. Alikuwa mpasua mbao tangu ujana, enzi zile mtu na msumeno walikuwa bado na kazi msituni, kabla ya mashine zinazotembea zenyewe kuja na kuwatoa wote wawili. Shule aliishia darasa la nne. Lakini ndani ya huu mwaka wa ugane alikuwa amejifunza neno moja la wasomi, akaling'ang'ania kama mbwa na mfupa: hitilafu. Alitaka mtu wa serikali, mwenye cheo na kiti, alitamke mbele yake. Aseme kwamba Twilumba, mkewe, aliuawa na hitilafu. Basi. Hakutaka pole yao wala ubani wao.

Mlango wa gari ukafunguka, akashuka Daktari Salvina Haule, mwenyekiti wa Mamlaka ya Vifaa vya Mwilini. Mwanamke mwembamba, koti refu, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akaja moja kwa moja hadi barazani.

"Shikamoo, mzee."

Kastuli akatazama miti. Kumnyima mtu marahaba katika nchi hii ni karibu sawa na kumtemea mate, na yeye alijua hivyo, na ndiyo maana alimnyima.

"Mzee Mgaya, nimekusalimu."

"Nimesikia. Salamu zenu ndizo zilizoniulia mke."

Haule akavuta koti lake. "Nimekuja kuongea na wewe hapa nje kwa sababu huku hakuna ukuta unaoandika. Ukisema mle ndani kwamba kifaa kilikosea, nami nikathibitisha, sheria hainipi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Vifaa vyote vya aina ile vinalazwa, vinazimwa kabisa, leo leo, nchi nzima. Kuvitengeneza upya na kuvijaribu upya si kazi ya wiki. Si kazi ya mwezi."

"Vilazeni."

"Kuna watu wengi sana wanaoishi kwa hicho kifaa."

"Mke wangu naye alikuwa anaishi kwacho. Uliona alivyoishi?"

"Na shemeji yako Orida?"

Hapo Kastuli akageuka, kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Usimtaje," akasema polepole. "Mkishaua mmoja mnamshika wa pili shati, mnaniambia ukipiga kelele na huyu tutamwachia aanguke. Majambazi wanafanya hivyohivyo, mama, ila wao hawana gari la serikali."

"Sijaja kukutisha. Nimekuja kukuomba. Kubali uamuzi uandikwe kwamba mgonjwa alikataa huduma. Kifaa kibaki kinafanya kazi, nasi tukirekebishe kimyakimya."

"Kimyakimya! Hiyo ndiyo kazi mnayoijua."

Haule alitaka kujibu, lakini Orida mwenyewe alikuwa anaingia getini. Mdogo wake Twilumba, mwalimu mstaafu, mfupi na mnene kidogo, mkono mmoja kashika kikapu na mwingine kashika nguzo, anapumzika kila baada ya hatua chache. Haule akainamisha kichwa, akapita kuingia ndani.

"Shemeji," Orida akaita, "mbona umenuna kama uliyekalia siafu?"

"Nilikuwa na kiongozi."

"Afadhali siafu." Akacheka, akakohoa, akamshika bega. "Njoo. Nataka kukaa mbele. Wanasema leo watatusikilizisha sauti yake."

Kastuli hakumwambia aliyoyasikia barazani. Alijiambia kwamba mwenye moyo mbovu habebeshwi mzigo mzito. Ndivyo wakubwa nao hujiambia wanapoficha jambo, lakini hilo halikumpitia kichwani.

*

Ukuta wa mbele wa ukumbi ule ulikuwa na masikio. Kila lililotamkwa kwa sauti ya kusikika lilijiandika pale kwa herufi nyeupe, likabaki, na lililobaki ndilo lililokuwa ushahidi. Jicho halikuhesabiwa. Ukiona ng'ombe anaruka ukanyamaza, kwa ukuta ule hakuna ng'ombe aliyeruka.

Mhandisi Nnko, wa kampuni iliyokitengeneza kifaa, alisimama kukieleza. Kijana mtanashati, sauti laini kama mafuta. Kifaa chenyewe akakiinua kwa vidole viwili: si kikubwa kuliko punje ya haragwe. Huzikwa chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, uzi mmoja mwembamba ukashuka hadi kwenye moyo. Moyo ukipoteza mwendo wake, kifaa huupiga pigo moja la umeme, mwendo ukarudi. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu na la kigeni, na watu wa Makambako walikwisha kulitupa siku nyingi. Wao walikiita Mgeni, kwa kuwa hupiga hodi.

"Cha kwanza kabisa hakikupiga hodi," Nnko akasema. "Mtakumbuka. Kilipiga bila kuuliza. Kilimpiga dereva akiwa kwenye usukani. Kilimpiga mama akiwa amepakata mtoto karibu na moto. Wananchi wakaandamana, na walikuwa na haki. Ndipo ikatungwa Sheria ya Hodi: hakuna kitu kitakachotenda lolote ndani ya mwili wa mtu bila kubisha na kuuliza. Sisi tuliitii. Kifaa husema hodi, humjulia hali mgonjwa, husubiri. Akijibu 'karibu', au akisema anaumwa, kinapiga. Asipojibu kabisa, kinajua amezimia, kinapiga. Akisema ni mzima, kinaondoka, na hakirudi mpaka robo saa ipite, kisije kikawa kero."

"Kwa hiyo," Kastuli akasema akiwa amekaa, "angekuwa hana adabu angepona."

"Tafadhali, mzee, utapewa nafasi."

"Nimeshaichukua. Nakuuliza. Angekaa kimya kama mbuzi, angepona?"

Nnko akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama meza. "Kwa namna ilivyotengenezwa," Nnko akasema, "ndiyo."

Neno hilo likajiandika ukutani. Watu wakanong'ona.

"Tusikilize sauti," akasema Haule.

Ikaanza kwa mvumo wa upepo na kuku mmoja anayelalamika. Kisha sauti ya kifaa, ya kike, nyororo, ya mtu aliyelelewa vizuri mahali ambapo hakuna matope: "Hodi, mama. Hujambo?"

Kisha Twilumba. Alikuwa anahema. Ilisikika wazi kwamba kila silabi alikuwa anaivuta kutoka kisimani.

"Si... jambo."

"Ahsante, mama. Siku njema."

Pakawa kimya. Kilichofuata hakikuwemo, kwa kuwa Mgeni akishaaga huziba masikio yake. Sheria nyingine hiyo, ya kulinda faragha.

Kastuli alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Pembeni yake Orida alikuwa amefumba macho, mkono kifuani.

"Endelea," Kastuli akasema. "Kuna neno linafuata."

"Hakuna sauti inayofuata, mzee," akasema Nnko.

"Kuna 'ila'! Hapa kuna mtu asiyejua? Wewe kijana bibi yako ni nani, amekuzaa nani? Mtu ukimsalimu anajibu nzuri. Ana maiti ndani, anajibu nzuri, ila tumefiwa. Nyumba inaungua, salama, ila tunaungua. Kwanza unamheshimu aliyekusalimu, ndipo unamwambia lako. Nani anayeamkiwa akaanza kumtapikia mwenzake maradhi yake mlangoni? Twilumba wangu alikuwa anavuta pumzi aseme 'ila'. Mgeni wenu akawa ameshaondoka!"

"Hata bibi yangu hujibu hivyo, sikatai," Nnko akasema, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyejikwaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akajirekebisha. "Lakini lugha si kifaa. Majaribio yalifanyika mjini, kwa vijana waliojitolea, walioelekezwa waseme wanavyojisikia. Wote walijibu sawasawa. Na kila anayewekewa hupewa mafunzo. Marehemu alielekezwa kwamba akiumwa aseme anaumwa."

"Mafunzo! Mlimfundisha mama wa miaka sitini na kitu kuamkiana?"

"Alielekezwa, mzee."

"Mbwa huelekezwa! Mtu mzima huulizwa. Mlikuja kumuuliza? Hata mmoja wenu alipanda huku, kwenye baridi hii, akasikiliza tunavyosalimiana? Hapana. Mlikaa kwenye majengo yenu ya vioo, mkawauliza watoto wenu, watoto wenu wakawajibu kitoto, mkagonga muhuri. Halafu mnasema lugha si kifaa. Kama lugha si kifaa, mbona kiliongea?"

Ukumbi ukacheka, kicheko kibaya, cha kuuma. Haule alikuwa anagonga meza kuomba utulivu. Na katikati ya makelele hayo, karibu kabisa na sikio la kulia la Kastuli, sauti ile nyororo ikasema:

"Hodi, mama. Hujambo?"

Alidhani wamerudisha kanda. Akageuka kutukana. Akamwona Orida.

Alikuwa wa rangi ya majivu. Jasho limemtoka puani, na macho yamekaza mbele, kwa Daktari Haule, kwa wakubwa wote wale waliokuwa sasa wamenyamaza wakimtazama. Mwalimu Orida, aliyefundisha vizazi vitatu vya wilaya ile kusimama na kumwitikia mgeni. Kuisikia sauti ya dada yake kulikuwa kumeutoa moyo wake njiani. Akakusanya pumzi. Midomo ikafunguka.

"Si..."

Kastuli akamziba mdomo kwa kiganja.

Kiganja cha mpasua mbao, kikavu kama gome, kilifunika mdomo na nusu ya pua. Orida akajitahidi kukitoa. Alikuwa anataka kujibu. Mwili wake wote ulikuwa unataka kujibu, kwa sababu mtu akikubishia hodi ukanyamaza wewe ni nani, jiwe? Akamng'ata. Kastuli hakutoa mkono. "Nyamaza," akamwambia sikioni, "nyamaza, kuwa mshenzi, mwache abishe."

"Hodi, mama," sauti ikarudia. "Hujambo?"

Nnko alikuwa ameshika kichwa. Haule amesimama.

Kisha Orida akaruka mara moja kama samaki, akalegea mikononi mwake. Kikapu kikaanguka, maparachichi yakabingirika hadi miguuni kwa wakubwa. Kastuli akamlaza sakafuni, akaweka sikio kifuani pake. Akasikia. Ulikuwa unatembea, polepole, kwa mpango, kama mtu aliyepotea njia akaonyeshwa.

*

Muuguzi alikuja na blanketi. Orida aliachwa palepale sakafuni, kichwa juu ya koti la mwenyekiti. Uso wake ulianza kupata rangi, macho bado yamefumba.

Haule alirudi nyuma ya meza yake bila koti. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Mzee Mgaya. Sote tuna macho. Lakini ukuta hauna. Ili ihesabike, shahidi aliyekuwa karibu lazima aseme kwa kinywa chake aliyoyaona. Nakuuliza mara moja tu. Umeona hitilafu ya kifaa hapa ukumbini?"

Likajiandika ukutani, herufi kwa herufi: hitilafu. Kastuli akalisoma, akilifuatisha kwa midomo kama mtoto. Lile lile. Limetamkwa na mtu mwenye cheo. Lilikuwa limekaa pale likimsubiri aseme ndiyo, na Twilumba angekuwa mtu aliyeuawa, siyo mtu aliyekataa.

Akamtazama Orida. Akaona blanketi linapanda na kushuka. Leo leo, mama yule alikuwa amesema barazani. Nchi nzima.

"Mzee?"

"Ninyi ni wachawi," Kastuli akasema.

"Jibu swali, tafadhali."

"Mmenipikia chungu kimoja, huku sumu na huku sumu, mnaniuliza nitakula upande upi. Na wewe ulikuwa unajua. Mwaka mzima ulikuwa unajua, ukaona heri umngoje mgane mjinga wa darasa la nne, yeye ndiye achague nani afe, ili wewe ulale."

"Silali," akasema Haule.

"Usilale." Akavaa kofia, mle ndani, mbele yao, kwa makusudi. "Sikuona kitu."

Ukuta ukaandika.

"Kuhusu marehemu?"

Kastuli akatazama sakafu. Hata Nnko alikuwa anatazama sakafu.

"Aliulizwa akajibu. Andikeni alikataa. Andikeni tu, kuta zenu si huwa zinashiba uongo!"

Neno *alikataa* likatokea, jeupe, safi. Haule akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Kastuli akamchukia kwa pumzi ile kuliko kwa mwaka mzima uliopita.

"Futa."

Sauti ilitoka chini. Orida alikuwa amefumbua macho.

"Mwalimu, pumzika," akasema muuguzi.

"Nitapumzika nikifa, na sijafa. Futa hilo." Akajiinua kwa kiwiko. Mate yalikuwa na damu, ya kiganja cha shemeji yake. "Kastuli. Nani alikutuma?"

"Orida, hujui waliloniambia. Wakisema ni hitilafu, wanakizima hicho cha kwako leo hii."

"Ati sijui! Kati yangu na wewe nani anajua kusoma? Sheria niliisoma siku walipoitangaza. Niliisoma tena jana. Unadhani nilivaa gauni hili zuri nije kuuza maparachichi?" Akahema, akasubiri, akaendelea. "Mashine ilimjibia dada yangu kabla hajamaliza. Sasa na wewe umenijibia mimi kabla sijaanza. Umeniziba mdomo mara mbili kwa asubuhi moja, shemeji. Ya kwanza nakushukuru. Ya pili nitakudai mpaka kaburini."

"Utakufa!"

"Huenda. Na mwingine aliyeko Mbozi au Singida, anayesema sijambo saa hizi na hana shemeji mwenye mikono michafu karibu? Huyo atakufa kwa hakika, nao wataandika alikataa. Kisha mwingine. Wote waungwana. Wakorofi tu ndio watakaobaki, uone nchi itakavyokuwa." Akageuka kwa Haule. "Mama mwenyekiti, mimi ndiye nilikuwa karibu zaidi. Hakuna aliyekuwa karibu nami kunishinda mimi. Nilikuwa ninakufa, kifaa kikanisalimu, nikaanza kusema 'sijambo' ili niseme 'ila'. Kingeondoka. Ni hitilafu. Nimeiona. Andika."

Ukuta ukaandika.

Haule alikaa akilitazama neno. Nnko akasema kwa haraka kwamba shahidi alikuwa katika hali ya kuchanganyikiwa, kwamba labda waahirishe, kwamba kuna wakubwa makao makuu wa kuulizwa kwanza. Haule akainua mkono kumnyamazisha. Mkono wake mwingine ukaenda kwenye kibao kidogo cha shaba mezani, kile cha kuthibitisha.

Ndipo Kastuli Mgaya, aliyeapa kwamba watu hawa hatawapa hata marahaba, alipovua kofia yake na kupiga magoti mbele ya meza.

"Mama. Nakuomba. Mwanangu, nakuomba. Usithibitishe. Yule amechanganyikiwa, huyu kijana amesema kweli. Nitakaa kimya. Nitasema lolote. Mpe mwezi mmoja, mpaka mkitengeneze."

"Mzee, simama."

"Marahaba," Kastuli akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka katika mikunjo ya uso. "Uliniamkia pale nje. Marahaba, mama. Marahaba."

Haule alifumba macho, na huku ameyafumba akabonyeza.

Hapakuwa na mlio wala mshindo. Chini ya mtulinga wa Orida, na chini ya mitulinga mingine isiyo na idadi, hodi ilikoma.

"Neno ni lile lile ulilolililia mwaka mzima, mzee," akasema Haule, na hakukuwa na ushindi katika sauti yake, wala huruma. "Nenda kamshike mkono."

Lakini Orida hakutaka kushikwa mkono. Alimwambia aokote maparachichi, yasipotee bure. Kisha akatoka mbele, akishika ukuta, akishika mlango, akishika nguzo ya baraza, kisha akaanza kuupanda mlima wa kwenda kwake, hatua chache, anasimama, hatua chache. Kastuli alifuata nyuma na kikapu, akipunguza miguu asimpite. Alimlaani Nnko, na kiwanda chake. Akamlaani Haule. Akawalaani walioitunga sheria, na walioandamana itungwe, na watoto wa mjini waliojibu sawasawa. Ikabaki laana moja, kubwa kuliko zote, imemjaa kinywani kama damu, na alipoinua macho atafute wa kumpa, njia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu, mwanamke mfupi aliyesimama kupumzika.

Akaimeza, akasimama naye.